Kazi ya uuguzi Pwani: Wodi hazina watu, wauguzi wako nyumbani

Jirani yangu mmoja ana binti aliyemaliza stashahada ya uuguzi miaka miwili iliyopita. Mtihani wa Baraza aliupita mara ya kwanza, leseni anayo, na vyeti vyake vimo ndani ya bahasha ya kaki iliyoanza kuchakaa pembeni kwa kubebwa. Kila asubuhi, kabla ya kutoka kwenda kuzungusha maombi, humsaidia mamake kukaanga viazi karai vya kuuza.

Juzi yule mama alinisimamisha njiani. "Mimi nilipolazwa," akaniambia, "wodi nzima usiku ilikuwa na nesi mmoja. Na huyu wangu yuko hapa na makaratasi yake. Hebu nieleze, hao manesi wanatakiwa au hawatakiwi?"

Wanatakiwa sana. Lakini kutakiwa ni jambo moja na kuajiriwa ni jambo jingine, na katikati ya mambo hayo mawili ndipo vijana wetu wengi walipokwama. Makala haya ni ya wale waliokwama hapo, ya wazazi wao, na pia ya wauguzi walio kazini miaka mingi wanaojiuliza kama wabaki au waondoke. Nitaeleza soko la kazi hii lilivyo katika kaunti zetu sita za Pwani, milango iliyopo, na mitego ya kukwepa.

Upungufu na ukosefu wa kazi chini ya dari moja

Tuanze na mizani. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliweka kipimo cha madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000 ili nchi iweze kutoa huduma za msingi ipasavyo. Kenya haijafika hapo. Duniani kote, ripoti ya WHO ya mwaka 2025 ilisema kuna wauguzi milioni 29.8, na kwamba mwaka 2023 walipungua milioni 5.8 kufikia idadi inayohitajika. Kwa hivyo anayesema wauguzi wamejaa tele anatazama foleni ya wanaotafuta kazi. Akienda upande wa pili wa ukuta, kule kwenye vitanda, ataona mambo mengine.

Tatizo liko kwenye mfuko. Tangu mwaka 2013, baada ya Katiba ya 2010, huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti. Hospitali za rufaa za kitaifa na sera zilibaki kwa serikali kuu, lakini hospitali za kaunti, vituo vya afya na zahanati, pamoja na wauguzi wake, ni mzigo wa gavana na bunge la kaunti. Na kaunti nazo zimefungwa kamba: kanuni za fedha za mwaka 2015 zinasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kaunti nyingi nchini zimekuwa zikipita kiwango hicho. Ikifika hapo, hata hospitali mpya ikijengwa na utepe ukakatwa mbele ya kamera, wa kuweka ndani ya jengo hakuna.

Hivi ndivyo mgonjwa anavyokosa nesi na nesi anakosa kazi, katika mtaa mmoja na chini ya dari moja. Ukilielewa hilo, hutamlaumu binti wa jirani kwamba ni mvivu, wala hutadhani kuongeza vyuo pekee ndiyo dawa.

Wanatoka wapi

Pwani haina uhaba wa mahali pa kusomea. Chuo cha mafunzo ya udaktari, KMTC, kina matawi Mombasa, Port Reitz, Kilifi, Msambweni, Lamu na Voi. Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kinafundisha shahada ya uuguzi. Anayeingia stashahada huhitaji wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne pamoja na alama nzuri katika masomo kama baiolojia na lugha. Wa shahada huhitaji C+.

Mwenye shahada hufanya mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini baada ya chuo, na miaka ya karibuni mwaka huo wenyewe umekuwa na misukosuko ya kusubiri kupangiwa na kusubiri posho. Mwenye stashahada haupitii. Akifaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi na kusajiliwa, yuko huru kutafuta kazi. Ndiyo maana wazazi wengi huiona stashahada kuwa njia fupi. Ni fupi kweli, lakini mbele nitaeleza mahali inapogonga mwamba.

Milango mitano ya kazi

Mlango wa kwanza, na ndio unaotamaniwa, ni kaunti. Nafasi hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti husika, kwenye tovuti yake na magazetini. Uzuri wake ni mshahara wenye mpangilio: wa msingi, nyumba, usafiri, posho ya uuguzi, posho ya hatari na pesa za sare. Tana River na Lamu, kwa kuwa zimo katika orodha ya maeneo magumu, zina posho ya ziada ya mazingira. Akiajiriwa kwa kudumu anapata pensheni, na hustaafu akiwa na miaka 60.

Ubaya wake ni kungoja, na wakati mwingine ni kungoja mshahara wenyewe. Wenye kumbukumbu watakumbuka mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, ulioanza Juni na kuisha Novemba. Miezi mitano wodi za umma zilikuwa kimya nchi nzima, na waliokosa pesa za kwenda hospitali za kibinafsi ndio walioumia zaidi. Mgomo ule ulikuwa wa makubaliano ya mishahara na marupurupu yaliyokuwa yamekwama.

Kuna jambo ambalo vijana wetu hawalijui. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka bodi hizi zizingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazini ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti hiyo. Maana yake, msichana wa Kwale ana haki ya kuomba Taita Taveta, na wa Lamu ana haki ya kuomba Machakos au Garissa. Wengi wetu tunaomba Mombasa tu, tena Makadara tu, kisha tunasema kazi hakuna.

Mlango wa pili ni kazi za mkataba. Serikali kuu iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya mwaka 2020, wakati wa korona, chini ya mpango wa Afya kwa Wote, kwa mkataba wa miaka mitatu. Walifanya kazi ileile ya wenzao wa kudumu kwa malipo madogo. Mkataba ukaongezwa, ahadi zikaongezwa, na mwaka 2025 walipiga kambi nje ya makao ya Wizara ya Afya jijini Nairobi wakidai ajira ya kudumu. Simwambii mtu asichukue mkataba. Mwenye njaa hachagui. Ila kabla ya kutia sahihi, uliza unaisha lini, ukiisha nani atakulipa, na je, una bima na malipo ya kumaliza kazi?

Mlango wa tatu ni hospitali za kibinafsi na za mashirika ya dini na jamii. Mombasa tuna Aga Khan, Mombasa Hospital, Pandya na Mewa, na kule Kaloleni kuna St Luke's. Chini ya hizo kubwa ziko zahanati na nyumba za uzazi ndogondogo kuanzia Likoni hadi Mtwapa, Ukunda hadi Malindi. Hapa ndipo wengi huanzia, mara nyingi kwa lokamu, yaani kulipwa kwa shifti. Mshahara katika zile ndogo kwa kawaida huwa chini ya ule wa kaunti, na bima ya serikali ikichelewesha malipo, muuguzi ndiye wa kwanza kuambiwa "tuvumiliane". Zilipokawia pesa za NHIF, na baadaye za SHA iliyochukua nafasi yake Oktoba 2024, hospitali nyingi za kibinafsi nchini zililalamika kwamba zinashindwa kulipa wafanyakazi.

Mlango wa nne ni utafiti na miradi. Kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoko Kilifi tangu mwaka 1989 kimeajiri wauguzi wengi katika tafiti za malaria, chanjo na afya ya watoto. Kazi za utafiti hufundisha nidhamu ya kumbukumbu na maadili ya ridhaa ya mgonjwa, na zina uzito mkubwa kwenye wasifu wa kazi. Miradi ya Ukimwi na afya ya uzazi nayo iliajiri wengi, lakini mwaka 2025 Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, USAID, wahudumu wengi wa miradi hiyo nchini walirudishwa nyumbani. Kazi ya mradi ni kama jahazi la kusi: pepo zikigeuka, na wewe unageuka.

Mlango wa tano haujazungumziwa sana, nao ni majumbani. Nyali, Diani, Watamu na Malindi kuna wazee wenye uwezo, wenyeji na wageni waliostaafia huku, wanaohitaji kuuguzwa nyumbani baada ya kiharusi au upasuaji. Shule za mabweni, hoteli kubwa na kampuni za bandarini pia huweka muuguzi wa zamu. Kazi hizi hupatikana zaidi kwa kutajwa na mtu kuliko kwa tangazo. Lakini hakikisha umeajiriwa kama muuguzi, na mipaka ya kazi imeandikwa. Wako waliokwenda kubadilisha vidonda wakajikuta wanapika na kufua.

Muuguzi mpya: miaka miwili ya kwanza ndiyo mtaji

Nikiulizwa neno moja la kumwambia aliyetoka chuo jana, nitasema: usikae mikono mitupu. Karibu kila tangazo zuri, la hapa au la ng'ambo, linataka uzoefu wa angalau miaka miwili baada ya kusajiliwa, tena katika hospitali yenye vitanda vya kulaza wagonjwa. Muuguzi aliyekaa miaka miwili akingoja kaunti, na aliyefanya lokamu miaka miwili katika wodi ya wazazi, wana cheti kimoja lakini si bei moja sokoni.

Hapa pana mtego mchungu. Wako wenye vituo wanaojua kwamba kijana anahitaji uzoefu, basi humwambia ajitolee bure, mwaka mzima, bila nauli. Kujitolea kwa muda mfupi, kwa barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kunaweza kufaa. Kujitolea bila barua ni kutumiwa. Siku utakapoomba kazi, hakuna atakayethibitisha kwamba uliwahi kusimama katika wodi ile.

Kwa hivyo, tangu siku ya kwanza, weka mambo haya sawa:

Leseni ya Baraza la Wauguzi isiishe muda. Mwajiri mzuri huangalia hilo kabla hajasoma jina lako. Fanya masomo endelevu yanayotakiwa kwa kuihuisha, na hifadhi vyeti vyake.

Barua ya kazi iwe na cheo, wodi, tarehe na sahihi. Ukitoka mahali, toka na barua ya huduma. Kuifuata barua miaka mitano baadaye, mwenye kituo amekwisha kufunga, ni kazi ya kuvunja moyo.

Jina liwe moja kwenye kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, cha chuo na pasipoti. Huku kwetu mtu huitwa Fatuma shuleni, Fatma kwenye kitambulisho na Fatima kwenye pasipoti, na herufi moja imewahi kukwamisha safari za watu. Rekebisha sasa, usingoje visa.

Hati za kaunti, kama cheti cha tabia njema na vibali vya ushuru, mkopo wa elimu ya juu na maadili, zijue mapema. Tangazo hutoka na kufungwa kwa siku chache, na anayekimbilia Huduma Centre siku ya mwisho hukuta wenzake wamekwisha kupanga foleni.

La mwisho, fikiria kule wengine wasikotaka kwenda. Zahanati za Tana River, visiwa vya Lamu, na bara ya Kwale na Kilifi hukaa bila muuguzi wa pili kwa muda mrefu. Ni kugumu, sikatai. Upande wa Lamu kuna barabara na vijiji ambavyo usalama wake umekuwa wa mashaka kwa miaka mingi. Lakini anayefanya kazi mahali ambapo yeye ndiye mkunga, yeye ndiye mchoma chanjo na yeye ndiye mshauri wa lishe, hujifunza kwa mwaka mmoja mambo ambayo wa mjini huyapata kwa mitatu. Tena wanawake wengi wa vijiji vyetu bado wanaona haya kuzalishwa na mwanamume, na wengine hubaki nyumbani kwa sababu hiyo. Mkunga wa kike anayejua lugha na ada za mahali huwavuta kliniki bila mahubiri.

Mwenye uzoefu: panda au hama

Kwa muuguzi wa miaka kumi na zaidi, mambo ni tofauti. Kazi anayo, kinachomsumbua ni kusimama mahali pamoja. Wapo waliokaa daraja moja la mshahara miaka mingi huku waliowafundisha kazi wakiwapita kwa sababu wana shahada. Hapo ndipo stashahada inapogonga mwamba niliousema: inaingiza kazini mapema, lakini ngazi za juu za usimamizi na madaraja mazuri huwa za wenye shahada au utaalamu maalumu.

Njia mbili zinafunguka. Ya kwanza ni kusoma ukiwa kazini. Masomo ya uuguzi kwa njia ya mtandao si mageni nchini. Amref ilianza miaka ya 2000 kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi stashahada kwa njia hiyo, na leo vyuo kadhaa vinapokea wenye stashahada wanaotaka shahada bila kuacha kazi. Hakikisha tu kwamba programu hiyo imekubaliwa na Baraza la Wauguzi kabla ya kulipa karo. Cheti kisichotambulika ni karatasi tu.

Ya pili ni utaalamu. KMTC hutoa stashahada ya juu katika uuguzi wa wagonjwa mahututi, figo, chumba cha upasuaji, watoto, afya ya akili na nyinginezo. Kwa nini hizi zina soko? Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodi vifaa vya hospitali, na mashine za kusafisha damu, vitanda vya wagonjwa mahututi na vifaa vya upasuaji vikasambazwa hadi hospitali za kaunti. Mashine bila muuguzi aliyesomea ni samani. Muuguzi wa figo au wa mahututi leo haombi kazi kwa kubembeleza. Hospitali za umma na za kibinafsi humtafuta, na wenye hospitali za ng'ambo pia.

Ipo njia ya tatu kwa mwenye moyo wa biashara: kufungua kliniki yake au nyumba ya uzazi. Sheria inaruhusu muuguzi mwenye uzoefu na kibali cha Baraza, baada ya kituo kukaguliwa na kusajiliwa. Faida yake ni polepole, na anayefungua kwa kutegemea bima ya serikali peke yake awe na akiba ya kumvusha miezi ya ukame.

Safari ya ng'ambo

Wapwani hatukuanza leo kuvuka maji kutafuta riziki. Hakuna mtaa wa Mji wa Kale au Malindi usio na mtu Maskati, Dubai au Jeddah. Kwa sababu hiyo, muuguzi wa Pwani anapofikiria kutoka, macho huenda kwanza Ghuba. Tofautisheni, lakini, safari ya muuguzi mwenye leseni na ile ya mfanyakazi wa nyumbani. Muuguzi husajiliwa na mamlaka ya afya ya nchi anayokwenda, kwa jina na cheo chake, kabla hajapanda ndege.

Kwa Ghuba, utaratibu ni huu. Vyeti vyako huhakikiwa na kampuni ya DataFlow, inayoandikia chuo chako na waajiri wako kuuliza kama ulichosema ni kweli. Kisha unafanya mtihani kwenye kompyuta, ambao wengi huuita Prometric kwa jina la kampuni inayousimamia. Saudi Arabia leseni hutolewa na Tume ya Saudi ya Utaalamu wa Afya. Dubai na Abu Dhabi kila moja ina mamlaka yake. Uzoefu wa miaka miwili huulizwa karibu kote. Na jueni hili: Saudi Arabia humpanga mwenye stashahada kama fundi wa uuguzi na mwenye shahada kama mtaalamu, na mishahara hufuata mpangilio huo. Ndiyo maana nasema shahada si ya sifa tu.

Uingereza ilitia sahihi makubaliano na Kenya Julai 2021. Novemba mwaka huohuo, kwa ombi la Kenya, ikaiweka nchi yetu katika orodha ya zile ambazo wahudumu wake wataajiriwa kupitia makubaliano ya serikali pekee. Kizuizi kikubwa kimekuwa Kiingereza. Oktoba 2021 aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alisema ni wauguzi 10 tu kati ya 300 waliofaulu mtihani wa lugha. Watu walicheka, lakini si jambo la kucheka. Baraza la Uingereza hutaka alama 7 za IELTS katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Au mtihani wa OET, ambao umetungwa kwa ajili ya wahudumu wa afya. Wengi waliosoma kwa Kiingereza maisha yao yote huanguka kwenye kuandika. Unahitaji mazoezi ya miezi, si wiki.

Ujerumani ilitiliana sahihi na Kenya makubaliano ya uhamiaji wa kazi Septemba 2024. Huko lugha ni Kijerumani, na kwa muuguzi kwa kawaida hutakiwa kufika kiwango cha B2. Ukianzia sifuri, hilo huchukua karibu mwaka au zaidi ukisoma kwa bidii. Mpaka cheti chako kitambuliwe rasmi, utafanya kazi kama msaidizi na kulipwa hivyo. Marekani nayo hutaka mtihani wa NCLEX, uhakiki wa vyeti, na subira ya visa inayoweza kupita miaka.

Mitego

Palipo na watu wengi wanaotaka kuondoka, matapeli hawako mbali. Nimeona familia ikiuza kiwanja kumlipa wakala aliyeahidi hospitali ng'ambo, na binti akarudishwa uwanja wa ndege kwa sababu barua ya kazi ilikuwa ya kubuni. Hizi ndizo dalili za kuangalia.

Wakala anayepeleka watu nje lazima asajiliwe na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwenye tovuti yake. Jina lisipokuwamo, mazungumzo yaishie hapo. Kwa Uingereza, kanuni zao zinakataza wakala kumtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi. Ukiombwa pesa nyingi "za nafasi", shtuka.

Soma cheo kwenye mkataba. Kazi ya kumtunza mzee si kazi ya uuguzi, hata kama sare zinafanana. Waliokwenda Uingereza kwa visa ya utunzaji waliona njia hiyo ikifungwa kwa waajiriwa wapya wa kutoka nje Julai 2025. Kadhalika, visa ya kutembea haiwezi kugeuka kuwa ajira ya hospitali kwa maneno ya wakala.

Pasipoti yako ni yako. Nakala ya mkataba abaki nayo mtu nyumbani. Na tazama kifungu cha kuvunja mkataba: wengine hulipishwa pesa nyingi wakitaka kurudi kabla ya muda.

Hapa nyumbani pia mitego iko. Anayekwambia utoe kitu kidogo ili jina lako lipite kwenye bodi anakuuzia kitu ambacho pengine hana, na ukilipa umeingia kwenye kosa pamoja naye.

Kwa wenye kaunti zetu

Simlaumu anayeondoka. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na pesa anazotuma muuguzi aliye Riyadh zinasomesha wadogo zake Kisauni. Lakini kila anayeondoka akiwa na miaka kumi ya uzoefu huacha pengo ambalo kijana wa jana hawezi kuliziba peke yake. Kwa hivyo nina maombi matatu kwa kaunti.

Zichapishe kila mwaka idadi ya wauguzi kwa kila hospitali na zahanati, na nafasi zilizo wazi, ili wananchi na wawakilishi wa wadi wajue bajeti inakwenda wapi. Kabla ya kukata utepe wa jengo jipya, zitangaze nafasi za watakaofanya kazi ndani yake. Na aliyestaafu, akufe au aende ng'ambo, nafasi yake ijazwe katika miezi, si miaka. Anayekaa Garsen au Kizingitini apewe nyumba ya kulala na njia ya kupandishwa cheo, asihisi amefukuziwa huko.

Nilipomjibu yule mama, sikumwambia maneno yote haya. Nilimwambia wanatakiwa, na kwamba tatizo si la binti yake. Kisha nikamuuliza binti kama amewahi kuomba nje ya Mombasa. Hakuwa amewahi. Wiki iliyopita ametuma maombi kaunti mbili, na ameanza lokamu ya usiku kwenye nyumba ya uzazi ndogo hapa mtaani, shifti tatu kwa wiki, kwa barua yenye tarehe. Asubuhi bado anakaanga viazi. Lakini mwaka wa kwanza katika ile miwili umeshaanza kuhesabiwa, inshallah.